SOMO LA MWEZI: FUNDI WA MANENO NA NENO LETU "KAZI"



Katika masomo yaliyopita tulijifunza kusoma karatasi ya mshahara, kuhesabu saa za ziada, na kupima kama mizani ya shamba inasema kweli. Leo tunajifunza jambo la namna nyingine. Tunajifunza juu ya mtu ambaye hakuchuma chai wala hakupakia kreti hata moja, lakini kazi yake ilifika katika kila nyumba ya nchi yetu. Kazi yake ilikuwa kupanga maneno ya siasa: nini kisemwe, kisemwe na nani, kisemwe lini, na msikilizaji atoke hapo akiwa na hasira gani.

Wapo watakaouliza, chama cha wafanyakazi kina haja gani na habari za redio na magazeti? Tunajibu kwa mambo mawili. Kwanza, mali ya mfanyakazi ni umoja wake, na umoja huvunjwa kwa maneno kabla ya kuvunjwa kwa kitu kingine chochote. Pili, fundi huyu na wenzake walichukua neno ambalo ni letu kuliko la mtu mwingine yeyote, neno "kazi", wakalifanya jina la mauaji. Tunataka kujua lilichukuliwaje, ili lisichukuliwe tena.

1. MTU MWENYEWE

Ferdinand Nahimana alizaliwa tarehe 15 Juni 1950 katika komini ya Gatonde, mkoa wa zamani wa Ruhengeri, jirani zetu wa upande wa mashariki. Alisoma sana. Mwaka 1977 alianza kufundisha historia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, akapanda vyeo vya chuo, na mwaka 1986 akapata udaktari wa historia huko Paris. Mwaka 1990 serikali ya Rais Habyarimana ilimfanya mkurugenzi wa ORINFOR, yaani Ofisi ya Habari ya Rwanda. Ofisi hiyo ndiyo iliyosimamia redio ya taifa na magazeti ya serikali. Kwa hiyo mtu mmoja alishika funguo za karibu kila habari iliyomfikia mwananchi wa kawaida.

Tunaanza na elimu yake kwa makusudi. Sisi tunaoandika somo hili tulisoma shule ya msingi tu, na wengi wenu pia. Mara nyingi tunadhani kwamba uchochezi ni kazi ya wajinga, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kuusema. Sivyo. Elimu ni kama panga. Linafyeka shamba, na linaweza kumjeruhi mtu. Inategemea mkono unaolishika.

Wala hakuwa peke yake, na hapa kwetu hatuwezi kujifanya wageni wa habari hii. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, alizaliwa mwaka 1957 papa hapa katika komini ya Rubavu. Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria na mkubwa katika wizara ya mambo ya nje, alizaliwa mwaka 1950 katika komini ya Mutura, mkoa wa Gisenyi, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha CDR mwaka 1992. Simon Bikindi, mwimbaji aliyependwa, naye alikuwa mtu wa Gisenyi. Gazeti, chama, wimbo na redio vilikuwa vyombo vinne, navyo vilipigwa kwa mdundo mmoja.

2. ALIAMINI NINI

Ni vizuri kumwelewa mtu kabla ya kumpinga. Nahimana aliandika historia ya kaskazini mwa Rwanda. Alionyesha kwamba kulikuwa na falme ndogo za Wahutu huku kaskazini zilizodumu hadi mwanzo wa karne ya 20, na kwamba ziliingizwa chini ya mwami wa nchi nzima kwa msaada wa Wajerumani na baadaye Wabelgiji. Mambo hayo hayakuwa ya kubuni. Wanahistoria wengine pia wameyaandika.

Tatizo ni hatua aliyopiga baada ya hapo. Kutoka kwenye habari ya wafalme na machifu waliokwisha kufa, alirukia kwenye siasa ya watu walio hai. Kwake siasa ya Rwanda ilikuwa ni hesabu ya kabila: "rubanda nyamwinshi", yaani watu walio wengi, upande mmoja, na Watutsi upande wa pili. Kwa hesabu hiyo, mchumaji wa chai Mtutsi asiye na ng'ombe hata mmoja aliwekwa upande wa wafalme, na tajiri Mhutu mwenye magari aliwekwa upande wa wanyonge. Angalieni jinsi hesabu hii inavyomfaa tajiri! Swali la nani anakula jasho la nani linapotea kabisa.

Mwezi wa Februari 1993, wakati vita kati ya serikali na RPF vilivyoanza Oktoba 1990 vikiendelea, aliandika makala ndefu juu ya matatizo ya Rwanda na dawa yake. Humo alizungumza juu ya umoja wa siri wa Watutsi, akataka vijana wapangwe kwa kile alichokiita ulinzi wa raia. Jina ni zuri: ulinzi. Lakini wakati jirani amekwisha kutajwa kuwa adui, kumlinda raia mmoja kunakuwa ni kumwinda raia mwingine.

3. ALIVYOFANYA KAZI YAKE

Tutazame mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Bugesera. Tarehe 3 Machi 1992 redio ya taifa, iliyokuwa chini yake, ilisoma mara kadhaa habari iliyodaiwa kutoka kwa kikundi cha watetezi wa haki huko Nairobi. Habari ilisema kwamba kuna mpango wa kuwaua viongozi wa Kihutu, na ikakihusisha chama cha upinzani cha PL. Karatasi ile ilikuwa ya uwongo. Lakini redio ya taifa ilikwisha kuisoma, na mwananchi wa siku zile alisema "redio imesema" kama anayesema "sheria imesema". Mauaji yakaenea Bugesera, na mamia ya Watutsi wakauawa. Vyama vya upinzani na wajumbe wa nchi za nje walilalamika, na Nahimana akaondolewa ORINFOR mwaka ule ule.

Mfano wa pili ni RTLM, Redio Televisheni Huru ya Milima Elfu. Baada ya kupoteza redio ya serikali, Nahimana na wenzake walitafuta redio yao. Kampuni iliundwa Aprili 1993, na matangazo yalianza tarehe 8 Julai 1993. Hisa moja iliuzwa faranga 5,000. Rais wa Jamhuri alikuwa mwenye hisa nyingi kuliko wote. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Félicien Kabuga, tajiri aliyepata mali yake katika biashara, pamoja na ile ya chai. Basi hii iliyoitwa redio "huru" na "ya wananchi" ilikuwa mali ya wakubwa. Hapo tunapata kanuni ya kwanza ya somo letu: kabla hujauliza redio inasema nini, uliza ni ya nani.

Lakini kwa nini watu waliipenda? Lazima tuseme kweli. Redio ya taifa ilizungumza kama karani wa komini. RTLM ilizungumza kama watu wa stendi na baa. Ilipiga muziki wa Zaire, ilitania, ilipokea salamu na habari za wasikilizaji. Sisi wenye umri wa miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Tunakumbuka redio ndogo za betri zikining'inizwa dirishani, na watoto tukicheza nje kwa muziki ule. Kicheko kilifungua mlango, na chuki ikaingia ikiwa imejificha nyuma yake.

4. MBINU TANO ZA FUNDI WA MANENO

Yafaa tuzitenge mbinu hizi moja moja, kama fundi anavyofungua mashine na kuweka kila kipande mezani.

(a) Kushika ukweli kidogo. Uwongo mtupu huanguka upesi. Mchochezi mwerevu huanza na jambo la kweli, kama historia ya falme za kaskazini au taabu za vita, kisha analifunga kwenye uwongo. Mkiukana uwongo, anawaonyesha ule ukweli.

(b) Kuiga. Palikuwa na gazeti lililoitwa Kanguka, maana yake "Amka", lililoikosoa serikali na kupendwa na wasomaji. Mwezi wa Mei 1990 likatokea Kangura, maana yake "Amsha". Tofauti ni herufi moja. Mtu aliyenunua haraka barabarani alidhani amenunua lile alilolizoea. Katika toleo namba 6, la Desemba 1990, Kangura lilichapa ile orodha iitwayo "Amri Kumi za Wahutu", iliyokataza kuoa Mtutsi, kufanya naye biashara, na kumwonea huruma. Tuzingatie hiyo ya biashara. Kazini ingekuwa na maana gani? Kwamba wewe na mwenzako wa mashine moja msikopeshane hata chumvi.

(c) Kioo. Baada ya mauaji ya kimbari, katika mkoa wa Butare ilikutwa karatasi iliyopigwa chapa yenye mafunzo ya propaganda. Aliyeiandika aliyatoa mafunzo yake katika kitabu cha Mfaransa Roger Mucchielli juu ya saikolojia ya matangazo na propaganda. Humo mlikuwa na mbinu ya kioo: mshtaki adui kwa lile ambalo wewe mwenyewe unapanga kulifanya. Ukitaka kuua, tangaza kwamba anataka kukuua. Hapo muuaji hujiona kama mtu anayejilinda. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya katika mkoa wetu, Léon Mugesera, mwalimu wa chuo kikuu na mtaalamu wa lugha, aliwaambia watu mkutanoni kwamba yule wasiyemuua ndiye atakayewaua. Hicho ndicho kioo. Mugesera alikimbilia Kanada, akarudishwa mwaka 2012, na mwaka 2016 mahakama ya Kigali ikamhukumu kifungo cha maisha.

(d) Kuondoa utu. Mtu akiitwa "inyenzi", yaani mende, kila siku, mwishowe anayesikia hamwoni tena mtu. Haoni mama wa watoto wanne anayechuma naye mstari mmoja. Anaona mdudu, na mdudu hatafutiwi hakimu.

(e) Kutaja. Baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya rais ilipotunguliwa na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, RTLM ilitaja majina ya watu, ikataja mitaa na mahali walipojificha. Maneno yalikuwa yamekwisha kuwa anwani.

5. NENO LETU LILIVYOIBIWA

Sasa tunafika kwenye kiini cha somo.

Kwa Kinyarwanda tunasema "akazi", kwa Kiswahili "kazi". Ni neno moja, damu moja. Tukiamka alfajiri tunasema tunakwenda kazini. Tukikutana tunaulizana habari za kazi. Tukifa, jirani hutusifu kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa kazi.

Mwaka 1994 neno hilo lilibadilishwa maana. Kuua kuliitwa kufanya kazi. Silaha ziliitwa vifaa vya kazi. Tarehe 19 Aprili 1994 Théodore Sindikubwabo, rais wa serikali ya muda, alikwenda Butare, mkoa ambao hadi siku ile ulikuwa bado haujaingia wote katika mauaji. Hakusema "ueni". Alizungumza juu ya kazi, akawakemea wanaokaa pembeni kama kwamba haiwahusu. Kila mtu alielewa, na Butare ikaanza kuteketea. Mahali pengine watu waliitwa kama wanavyoitwa kwenye umuganda, wakaambiwa waende kufyeka vichaka. Kichaka maana yake ilikuwa watu waliojificha.

Kwa nini walichagua neno hilo? Tumelitafakari sana. Mtu wa kawaida si muuaji. Ukimwambia akaue, atashtuka. Lakini kazi anaijua. Anajua kuamka mapema, kuchukua panga au rungu, kukutana na wenzake njia panda, kufuata kiongozi wa kikundi, kufika mahali alipopangiwa, na kurudi jioni akiwa amechoka. Fundi wa maneno alichukua siku nzima ya mfanyakazi, akaacha umbo lake lile lile, na ndani yake akaweka mauaji. Hata aibu ya uvivu ilitumika: asiyeua aliitwa mvivu, mtu asiyeshirikiana na wenzake. Mshikamano wetu, ambao sisi wa chama tunauhubiri kila siku, uligeuzwa kuwa mnyororo wa kumvuta mtu kwenye dhambi.

Ndugu zangu, hapa mjini kwetu makaburi ya mahali paitwapo Commune Rouge ni shahidi. Watu waliokusanywa waliletwa pale wakauawa. Kwa nchi nzima, katika siku zipatazo 100, waliuawa watu zaidi ya laki nane, na serikali yetu inahesabu zaidi ya milioni moja. Kati ya hao walikuwemo wachumaji, madereva, makarani, wapagazi wa magala. Hakuna mshahara, hakuna nyongeza, hakuna chochote ambacho mfanyakazi yeyote alipata kutokana na "kazi" ile. Mashamba yaliota magugu, viwanda vilisimama, na Julai 1994 wakubwa walioiita kazi walipita papa hapa Gisenyi wakikimbilia Goma, pamoja na watangazaji wa RTLM.

6. ALIONYWA, NA ALIULIZWA

Baadhi ya watu husema kwamba maneno ni maneno tu, na kwamba mwenye redio hawezi kulaumiwa kwa kila neno la mtangazaji. Tutazame mambo yalivyokwenda.

Tarehe 26 Novemba 1993 na tena tarehe 10 Februari 1994, waziri wa habari, Faustin Rucogoza, aliwaita wakubwa wa RTLM akawaonya juu ya matangazo ya kugombanisha watu. Nahimana alikuwa miongoni mwao, naye aliitetea redio. Waziri yule aliuawa tarehe 7 Aprili 1994. Tarehe 25 Aprili, mauaji yakiendelea, Nahimana alihojiwa na Redio Rwanda, akaisifu RTLM kwa kuwaamsha wananchi. Baadaye, RTLM ilipokuwa ikiwashambulia kwa maneno askari wa Umoja wa Mataifa, mwanadiplomasia wa Ufaransa alimweleza Nahimana. Naye akasema ataongea na watangazaji. Mashambulizi yale yakakoma. Kwa hiyo neno lake lilisikilizwa pale redioni. Alipotaka kuizuia redio, aliweza. Kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakiwindwa hakufanya hivyo.

Alikamatwa Kamerun mwezi wa Machi 1996. Barayagwiza naye alikamatwa huko, na Ngeze alikamatwa Mombasa mwaka 1997. Kesi yao ilianza Arusha tarehe 23 Oktoba 2000, mbele ya Mahakama ya Kimataifa kwa ajili ya Rwanda. Nahimana alijitetea kwamba baada ya tarehe 6 Aprili redio ilikuwa mikononi mwa watu wenye siasa kali, si mikononi mwake. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003, na ya rufani tarehe 28 Novemba 2007.

Majaji wa rufani walikuwa waangalifu. Walifuta makosa kadhaa, wakaeleza kwamba si kila neno la chuki ni wito wa mauaji ya kimbari, hata kama ni neno baya. Lakini walithibitisha kwamba matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili yalikuwa wito wa wazi, na kwamba Nahimana, akiwa mkubwa wa watangazaji, alikuwa na uwezo wa kuwazuia na hakuwazuia. Alibaki na miaka 30. Ngeze alipata miaka 35. Barayagwiza alipata miaka 32, akafa mwaka 2010 akiwa bado mfungwa. Nahimana aliachiliwa mwaka 2016 kabla ya kumaliza kifungo chake. Bikindi alihukumiwa mwaka 2008 miaka 15, si kwa nyimbo zake, bali kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti cha gari katika barabara ya Kivumu na Kayove, mwezi wa Juni 1994.

Sisi wa viwandani tunaielewa hukumu hii upesi. Aliyejenga mashine, akaajiri wa kuiendesha, akaona inakata mikono ya watu, na swichi anaweza kuifikia, hawezi kusema "si mimi niliyekuwa zamu".

7. JE, ILIKUWA REDIO PEKE YAKE?

Hapana, na ni hatari kusema hivyo. Tukisema redio ndiyo iliyoua, tunawasamehe watu. Watafiti waliowahoji wafungwa wamekuta kwamba wengi walitolewa nyumbani na viongozi na majirani, ana kwa ana. Mtafiti mmoja aliyelinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na visivyopata, alikadiria mwaka 2014 kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya ushiriki katika mauaji ilitokana na redio ile. Sehemu moja ya kumi si ndogo, ni roho za watu. Lakini sehemu zilizobaki zilihitaji mtu wa kugonga mlango, na mtu wa kukubali kutoka.

Na wapo waliosikia redio ile ile, wakakataa kutoka. Wapo waliomficha mwenzao darini au shambani. Kwa hiyo redio haikuwa na nguvu za uchawi. Mtu anaweza kusikia na bado akasema hapana, hasa akiwa na wenzake wanaosema hapana pamoja naye.

8. HAYA YANATUHUSUJE KAZINI LEO?

Leo hatuhitaji redio ya kuning'iniza dirishani. Tuna simu. Sauti ya mtu tusiyemjua inavuka mpaka wa Goma na kurudi kabla chai haijapoa, na kila mmoja wetu ni mtangazaji.

Tutoe mfano tulioushuhudia. Katika shamba moja la chai wachumaji walilalamika kwamba mizani inawapunja. Walikuwa wameungana vizuri. Siku ya tatu ukaenea ujumbe kwamba watu wa kilima cha pili wamewasema wenzao kwa kapita ili wafukuzwe, nao wapewe mistari yao. Siku hiyo hiyo watu waliacha kula pamoja. Wengine walianza kuulizana nani ni mtoto wa nani. Habari ya mizani ikasahaulika!

Tuliitana chini ya mti. Hatukuhubiri. Tulimwuliza kila mmoja: wewe umesikia kwa nani? Huyo naye akaulizwa. Tulifuata kamba ile hadi mwisho, na mwishoni hapakuwa na mtu yeyote aliyeona wala kusikia mwenyewe. Kisha tukarudi kwenye jambo letu. Tulileta dumu la lita 20 lililojaa maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu haliwezi kuwa chini ya kilo 20. Mizani ilisoma kilo 18. Hapo vilima vyote viwili vilicheka pamoja, na asubuhi yake tulipeleka malalamiko yenye majina ya pande zote mbili. Mizani ilibadilishwa.

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni tano:

Moja, ukisikia habari ya kumchukia mwenzako, uliza inamfaa nani. Mara nyingi utakuta kuna mizani mahali fulani.

Mbili, fuata kamba hadi kwa aliyeona kwa macho yake. Usipomkuta, iache hapo na usiipitishe kwa simu yako.

Tatu, mtu akiitwa kwa jina la mdudu, mnyama au takataka, msicheke, hata kama ni utani wa zamu ya usiku. Mkatazeni papo hapo, kwa upole lakini kwa wazi.

Nne, mtu akiwaambia "tuwawahi kabla hawajatuwahi", mkumbuke kioo.

Tano, mkiitwa kwenye kazi, ulizeni maswali ya mfanyakazi: tutazalisha nini? Nani analipa? Jioni nani atakuwa amekosekana kati yetu? Kazi ya kweli huacha kilo za majani, kreti za bia, barabara, daraja, au ada ya mtoto. Kazi ambayo jioni inamwacha jirani hayupo, hiyo si kazi, hata aliyeiita awe daktari wa chuo kikuu au rais.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini tajiri apende wafanyakazi wahesabiane kwa kabila kuliko kwa mshahara?
2. Taja mfano wa habari ya kweli iliyofungwa kwenye uwongo, uliyoisikia kazini kwako.
3. Mwenzako anakutumia ujumbe wa sauti wa uchochezi, naye ni rafiki yako wa siku nyingi. Utamjibuje bila kuvunja urafiki?
4. Majaji wa rufani walitofautisha neno la chuki na wito wa kuua. Je, sisi kazini tungoje hadi lini kabla ya kulikemea neno baya?
5. Katika kikundi chenu, ni nani angeweza kugonga mlango wako usiku ukamfungulia kwa kuwa unamwamini? Mnafanya nini ili imani hiyo isitumiwe vibaya?

Wasomeeni somo hili wenzetu wasiojua kusoma, wakati wa mapumziko, taratibu, kifungu kwa kifungu. Mwezi ujao tutarudi kwenye mkataba wa kibarua wa msimu.

Kazi ni yetu, na neno ni letu. Tulilinde.